Annie Moore Aliyepelekwa Texas

Tarehe 1 Januari 1892, kituo kipya cha wahamiaji cha Ellis Island, New York, kilimwandikisha mgeni wake wa kwanza: Annie Moore, msichana wa Ayalandi kutoka Cork. Alipanda meli ya Nevada katika bandari ya Queenstown, ambayo leo huitwa Cobh, pamoja na wadogo zake Anthony na Philip, kuwafuata wazazi waliokwishatangulia. Habari za wakati huo zilimpa miaka 15. Kumbe alikuwa na 17.

Kisha akapotea. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba alielekea magharibi, akaolewa Texas, akafa kwa kugongwa na tramu. Hadithi tamu, ila Annie wa Texas alizaliwa Illinois!

Mwaka 2006 mtafiti wa nasaba Megan Smolenyak, aliyetangaza zawadi ya dola 1,000 kwa atakayeleta ushahidi, alionyesha kwamba Annie halisi alibaki New York. Aliolewa na Joseph Schayer, akafa 1924, akazikwa Queens katika kaburi lisilo na jiwe.

Ushahidi ulipatikana Marekani, wala si ajabu. Huko Dublin, moto wa 1922 katika jengo la mahakama la Four Courts uliteketeza sehemu kubwa ya sensa za 1821 hadi 1851. Za 1861 hadi 1891 serikali yenyewe ilikuwa imekwisha kuziharibu. Hivyo anayemtafuta babu aliyekimbia njaa kuu ya 1845–1852 hupekua vitabu vya ubatizo vya parokia, au daftari za uthamini za Griffith, zenye majina ya wakaaji wa mashamba na nyumba.