Ukarabati wa shule Meru na Embu

Ukarabati wa shule za umma katika kaunti za Meru na Embu, nchini Kenya, hugharamiwa hasa na serikali kuu na michango ya wananchi. Katika baadhi ya majimbo ya Marekani wapiga kura huitwa kuidhinisha hatifungani za shule, kisha deni hulipwa kwa kodi ya majengo. Kenya haina kura ya namna hiyo. Kaunti ikikopa huhitaji dhamana ya serikali kuu na idhini ya bunge la kaunti, nayo Katiba ya 2010, katika sekta ya elimu, inaipa kaunti hasa chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini.

Shule nyingi za eneo hili zilianzishwa na wamisionari, Wamethodisti wakiwa na nguvu Meru, na baada ya uhuru wa 1963 harambee ikaongeza madarasa. Wazazi walichanga fedha, mawe, mbao na nguvu zao. Kujenga kulishangiliwa, matunzo yakasahaulika, na hilo ni sababu mojawapo ya mapaa kuvuja leo.

Tangu 2003 mzigo mkubwa wa ukarabati umebebwa na Mfuko wa Maendeleo ya Maeneo Bunge, unaohudumia maeneo bunge 9 ya Meru na 4 ya Embu. Sheria ya mfuko huo ya 2015 inataka mikutano ya hadhara katika kila wadi, angalau mara moja kila miaka miwili. Hapo mwananchi husikika, ingawa hapigi kura. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza mfuko huo kuwa kinyume cha Katiba na kuagiza ukome ifikapo 30 Juni 2026.