Kiwewe cha Kupokezwa

Bogoro ni kijiji cha Ituri, mashariki mwa Kongo, kilichoko katika njia itokayo Bunia kuelekea Kasenyi, kwenye Ziwa Albert, na tarehe 24 Februari 2003 kilishambuliwa na wanamgambo, wakauawa wenyeji wengi, wanawake na watoto wakiwamo. Germain Katanga, aliyekuwa kamanda wa wanamgambo, alitiwa hatiani kwa shambulio hilo na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2014, na tarehe 24 Machi 2017 Mahakama hiyo ikawatambua wahanga 297 kuwa wanastahili fidia. Miongoni mwa walioomba walikuwamo watano waliozaliwa baada ya shambulio, nao walidai kwamba dhara la wazazi wao limewafikia katika nafsi. Mahakama ilikiri kwamba yamkini wanalo dhara hilo, ila haikuona ithibati ya kuliunganisha na shambulio lenyewe. Na hata baada ya rufaa, uamuzi wa tarehe 19 Julai 2018 ukawa ni ule ule.

Dhara la namna hii mfasiri mwenye haraka ataliita "kiwewe cha kurithi". Siafikiani naye, kwa kuwa mtu hurithi ama mali ya marehemu ama tabia ya damu, ilhali kinachobishaniwa na wataalamu ni hicho hasa, iwapo athari hupita katika chembe za mwili au hupita katika malezi.

Kuhusu njia hiyo ya athari kumfikia mtoto, wachanganuzi wa nafsi walianza mbali zaidi. Melanie Klein alishikilia kwamba mtoto mchanga ana maisha ya batini tangu miezi yake ya mwanzo, na Susan Isaacs, katika makala aliyowasomea wenzake London mwaka 1943, akaeleza kwamba njozi za mtoto hukaa kwanza katika hisia za mwili, kabla hazijapata maneno. Mwanafalsafa ana haki ya kuuliza: hofu isiyo na neno ni hofu ya kitu gani, na tutayajuaje ya batini ya asiyesema pasipo kumvisha fikra za watu wazima? Swali hili ni zito, na kwa maoni yangu Klein hakulitosheleza. Lakini kukanusha batini yote kwa sababu haina maneno ni kosa kubwa zaidi. Mtazame mtoto wa miezi minne anyonyaye: mama akishtushwa na kishindo, mikono yake ikakakamaa, mtoto huweza kuachia titi akamkazia macho usoni, uso ule ukilainika, hurudia kunyonya, na usipolainika, hugeuza kichwa. Anachofikiri hatukijui, na huenda hafikiri. Hata hivyo kuna kitu kilichotoka kwa mmoja kikamfikia wa pili, na hakikupitia katika masimulizi.

Kwa hiyo napendekeza "kiwewe cha kupokezwa", maana penye kupokezwa pana mwenye kutoa na mwenye kupewa, wala neno hilo halikati shauri baina ya damu na malezi, wala halimtwiki mama lawama kama lingalivyofanya neno "kuambukizwa". Nawasihi wafasiri wa mahakamani, wauguzi wa Ituri na watunga kamusi walipime, kwa kuwa mwombaji wa fidia anastahili kuelezwa, kwa lugha aisikiayo, ni jambo gani hasa alilotakiwa kulithibitisha.