TV Inavyoamka

Jumatatu asubuhi, kabla sijamaliza kufagia baraza ya karakana, alifika bibi mmoja wa Mwembetanga na mjukuu wake aliyebeba TV ya inchi 43 iliyofungwa kwa kanga mbili. "Inawaka, fundi," aliniambia, "inaandika jina la kampuni, kisha inaganda hapo hapo. Ukiizima ukaiwasha, jina lile lile." Nikamkaribisha kitako, nikamuuliza swali ambalo ami yangu alinifundisha kumuuliza kila mteja kabla ya kushika bisibisi: ilipoharibika, ilikuwa inafanya nini? Bibi akafikiri. Usiku wa Alkhamisi umeme ulikatika mara tatu, akasema, na mara ya tatu TV ilikuwa imeandika maneno ya kuomba isizimwe mpaka imalize.

Mjukuu akashangaa kwamba sikuuliza aina ya TV. Lakini jibu la bibi lilikuwa limeshaniambia nusu ya kazi.

Swali lile lina asili ya zamani. Zanzibar ilipata televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wa Rais Aboud Jumbe, na ilikuwa ya rangi tangu siku ya kwanza. Bara walikuwa hawana hata ya nyeusi na nyeupe. Kituo chao cha kwanza kilianza mwaka 1994. Sisi watoto wa Ng'ambo tulikuwa tukikaa chini kwenye tawi la chama, TV iko juu ya meza ndani ya kabati lenye milango na kufuli, na mwenye ufunguo akichelewa tunaimba mpaka aje. Ami alikuwa fundi wa redio za taa, zile ambazo unawasha kisha unangoja taa zipate moto ndipo sauti itoke. TV za rangi zilipoingia mjini aliletewa yeye kwa sababu hapakuwa na mwengine wa kuletewa. Hakuwahi kusomea televisheni darasani. Alijifunza kwenye michoro iliyobandikwa ndani ya vifuniko vya nyuma, akiifuata kwa kidole kutoka plagi mpaka tyubu ya picha, laini moja baada ya nyengine, wakati mwengine usiku kucha.

Mimi aliniajiri kwa ajili ya masikio yangu. Hili nalisema kwa fahari. TV ya chogo, ile ya zamani yenye tyubu, inapofanya kazi, transfoma yake ya volti kubwa hupiga mluzi mwembamba sana, kwa sababu katika mfumo wa PAL mistari ya picha huchorwa mara 15,625 kwa sekunde, na sauti ya namna hiyo mtoto huisikia vizuri, mtu mzima humpotea kadiri miaka inavyokwenda. Ami alikuwa ameshapita umri huo. Basi mwaka 1975, nikiwa na miaka 13, nikitoka skuli nakwenda moja kwa moja karakanani, nakaa nyuma ya kila TV anayoiwasha, naye ananiuliza neno moja tu: "Inalia?"

Nikimwambia inalia, alijua mtambo wa mistari u hai na volti kubwa ipo, basi anageukia shingo ya tyubu kutazama kama kile kijiwaya cha ndani kinawaka wekundu. Nikimwambia hailii ila inapiga tik, tik, tik kama saa, alijua umeme unajaribu kupanda lakini kuna mahali umeshikana, mara nyingi ile transista kubwa ya mistari imekufa. Kabla ya mluzi kulikuwa na ile "dum!" nzito ya koili inayoizunguka tyubu, inayofuta usumaku kila TV inapowashwa. TV isiyopiga dum, baada ya miezi michache pembe zake hupata madoa ya kijani na zambarau, hasa kama mwenyewe ameiweka karibu na spika. Mteja hulalamikia madoa, na fundi asiyesikiliza hubadilisha vitu visivyo na kosa.

Ukaguzi wote huo ulifanyika katika sekunde kumi za mwanzo. TV ikishaamka na picha imetulia, haina la kukwambia.

Bahari nayo ilikuwa na sehemu yake. Hewa ya hapa ina chumvi, na ndani ya TV ya rangi kuna volti 25,000 hivi zinazopita kwenye waya mmoja mnene kuelekea kikombe cha mpira kilichobanwa ubavuni mwa tyubu. Chumvi na vumbi vikikaa chini ya kikombe kile, usiku wa unyevu utasikia mchirizo kama samaki anayekaangwa, na harufu kali itajaa chumbani. Dawa yake ilikuwa kuitoa volti iliyobaki kwa bisibisi iliyofungwa waya wa ardhi (inapiga "tak!" na cheche ya buluu), kusafisha kwa spiriti, na kukausha kabisa. Na mijusi kafiri! Walipenda joto la bodi. Nimewatoa wengi mno, wamekauka kama karatasi, mguu mmoja kwenye waya huu na mkia kwenye ule, na fyuzi imekatika kwa ajili yao.

Miaka iliyotufundisha zaidi kuhusu umeme ilikuja baadaye. Unguja ilikuwa ikiletewa umeme wake kutoka bara kwa kebo iliyozamishwa baharini mwaka 1980. Mwezi Mei 2008 umeme ulikatika kisiwa kizima kwa muda wa karibu mwezi mmoja, na Disemba 2009 ukakatika tena, mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Watu walinunua jenereta ndogo za petroli, kelele zikajaa vichochoroni, na TV zikaanza kumiminika kwangu. Jenereta ikielemewa, volti hushuka. Pasi au friji ikizimwa ghafla, hupanda juu. TV za chogo nyingi zilivumilia. Zilizokufa kwa wingi ni zile bapa zilizokuwa ndio kwanza zinaingia majumbani. Mwaka 2013 ilizinduliwa kebo mpya yenye uwezo wa megawati 100, na hali ikabadilika sana, lakini nilichokiona katika miezi ile kimebaki kichwani mwangu. Tangu hapo sijamrudishia mteja TV bila kumwambia anunue kilinda umeme.

TV bapa zilinihuzunisha, na sitalificha hilo. Haziimbi. Hazina dum, hazina mluzi, hazina harufu. Unabonyeza, kitaa chekundu kinawaka, na kama ina kosa inakaa kimya. Kwa miaka kadhaa karakana yangu ilikuwa kimya hivyo, na niliona baadhi ya wenzangu wakifunga kazi. Kilichonisaidia mwanzoni ni macho. TV nyingi za muongo ule zilikuwa na kapasita mbovu kwenye bodi ya umeme, vikopo vidogo ambavyo kifuniko chake hutakiwa kuwa bapa, navyo vilivimba kama kopo la samaki lililoharibika. Unavitoa, unalehemu vipya, TV inaamka. Kisha tukajifunza tochi: TV ina sauti lakini kioo cheusi, zima taa ya chumba, mulika kioo kwa tochi kwa pembeni. Ukiona picha hafifu kama kivuli, basi picha ipo na taa za nyuma ndizo zilizokufa. Taa hizo zimefuatana kama punje za tasbihi kwenye uzi mmoja. Mara nyingi ikifa moja, zote zinazima.

Halafu zikaja hizi zenye intaneti, nyingi zenye Android, ambazo kwa kweli ni kompyuta iliyofichwa nyuma ya kioo. Hizi zimeirudisha kazi mahali alipoiacha ami. Zina kuamka kwa hatua. Kitaa chekundu maana yake umeme mdogo wa kusubiri upo. Nembo ya kampuni ikitokea, hiyo ni habari njema kuliko mteja anavyodhani: taa za nyuma nzima, kioo kizima, kichakataji kizima, na programu ya kwanza kabisa, ile inayoziamsha nyengine, imesomeka. Iliyokwama ni inayofuata, ambayo imehifadhiwa kwenye chipu ya kumbukumbu. Chipu hiyo huandikwa na kufutwa, na kila sehemu yake ina idadi ya kufutwa inayoweza kuistahamili kabla haijachoka. Basi ama chipu imechoka, au umeme umekatika katikati ya kuandika, na ukurasa umebaki nusu.

TV ya bibi nilianza nayo kwa mambo ambayo angeweza kuyafanya nyumbani. Nilichomoa plagi yake ukutani, nikabonyeza kitufe chake chenyewe, si cha rimoti, kwa nusu dakika ili umeme uliobaki uishe, nikachomoa flashi ya mjukuu iliyokuwa imechomekwa nyuma, kwa sababu flashi mbovu nayo huweza kuizuia TV isiamke. Nikaingoja. Nikaiwasha. Nembo, na hapo hapo.

Basi nikafungua kifuniko, nikaunganisha kompyuta ya mezani kwa nyaya tatu nyembamba kwenye tundu la mafundi. Kupitia tundu lile TV huandika kila inachokifanya inapoamka, mstari kwa mstari, haraka kuliko mtu anavyoweza kusoma kwa mdomo. Maandishi ni madogo, meupe juu ya weusi, na macho yangu hayayashiki tena. Kijana wangu wa kazi ana miaka 17. Alivuta kibao akakaa mbele ya kompyuta, mimi nikashika plagi.

"Inasemaje?" nikamuuliza.

Akasoma. Kumbukumbu imeonekana. Programu ya kwanza imepita. Kisha mstari wa kosa, ukajirudia, ukajirudia, kila mara mahali pale pale: sehemu yenye mfumo haifunguki. Nikamwambia asome tena namba zilizopigwa chapa kwenye bodi yenyewe na kwenye kioo, kwani programu hutafutwa kwa namba hizo, jina la nyuma ya kifuniko halitoshi. Akaipata programu, akaiweka kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, akaichomeka. Nilibonyeza kitufe nikaichomeka plagi ukutani huku kidole hakijaachia. Kitaa kikaanza kupepesa.

Bibi alisogeza kiti karibu. "Sasa inaandika?" akauliza.

"Inaandika, Bi Mkubwa," nikamjibu. Kijana akasimama mbele ya soketi, ameitandaza mikono yake, mtu asije akaigusa swichi.