Dallas, Betri na Spika

Mtu aliyefanya kazi Dallas, Fort Worth au Houston nusu ya maisha yake, kisha akaamua kwenda kula pensheni Mombasa, Moshi au Muscat, hufika mahali akajiuliza abebe chombo gani cha muziki: chepesi, lakini chenye sauti ya maana. Dukani atajibiwa kwa wati na majina ya kampuni. Historia ya mji anaouacha ingemjibu vizuri zaidi, kwa kuwa redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani ilipata moyo wake Dallas mwaka 1954. Ninachoshikilia ni hiki: transista ilipunguza karibu kila kitu ndani ya redio, lakini haikuondoa haja ya vitu viwili, spika na betri, na tangu hapo ubora wa muziki wa kubebeka umeamuliwa na viwili hivyo. Mengine yote ni nakshi.

Texas Instruments haikuanza na muziki. Ilianza mwaka 1930 kwa jina la Geophysical Service, na kazi yake ilikuwa kulipua baruti ardhini na kupima mwangwi unaorudi, ili watafutaji wa mafuta wajue pa kuchimba. Jina la sasa lilikuja 1951, na mwaka uliofuata kampuni ikalipa dola 25,000 kupata leseni ya kutengeneza transista, kifaa kilichovumbuliwa kwenye maabara za Bell mwaka 1947. Wakati huo transista ilikuwa mali ya jeshi na ya vifaa vya wasiosikia vizuri. Patrick Haggerty, aliyekuwa akiiongoza kazi hiyo, alitaka bidhaa ambayo mtu wa kawaida angeishika mkononi, naye akachagua redio ya mfukoni. Wenye viwanda vikubwa vya redio hawakuvutiwa. Aliyekubali ni mtengenezaji mdogo wa Indianapolis aitwaye IDEA, na tarehe 18 Oktoba 1954 ikatangazwa Regency TR-1: transista nne, bei dola 49.95. Fedha hizo hazikuwa kidogo, hata hivyo redio hizo ziliuzwa takriban 100,000.

Miezi mitano kabla ya hapo, tarehe 10 Mei, Texas Instruments ilikuwa imefanya jambo ambalo kwa msikilizaji wa nchi za joto lina uzito kuliko redio yenyewe. Huko Dayton, Ohio, wahandisi walikuwa wamekaa wakielezwa kwamba transista ya silikoni bado iko mbali. Gordon Teal wa Texas Instruments akasimama, akasema anazo mfukoni. Muziki ukapigwa kwenye kichezea sahani, na transista yake ya germaniamu ikatumbukizwa katika mafuta ya moto: sauti ikakata palepale. Ikaunganishwa ya silikoni, ikatumbukizwa katika mafuta yaleyale, na wimbo ukaendelea. Redio ya Oktoba ilibidi itumie germaniamu, kwani silikoni ilikuwa ghali mno, lakini njia ilishaonekana. Chombo ambacho siku moja kingewekwa kwenye dashibodi ya lori jua la saa saba kilihitaji kwanza kustahimili joto. Uzuri wa sauti ungefuata baadaye.

Mpenzi wa sauti safi atapinga hapa, na ana haki. TR-1 ilisikika vibaya. Hata jarida la watumiaji la Marekani, Consumer Reports, liliona kwamba maongezi yanasikika ila muziki haufai. Mwenye kustaafu hatafuti taarifa ya habari tu, anataka besi ya rumba ya Franco na fidla za taarabu zisikike kila moja mahali pake. Lakini tuangalie ubaya huo ulitoka wapi. Spika ilikuwa ya upana wa chini ya inchi tatu, imefungiwa ndani ya kisanduku cha plastiki kinachoenea kiganjani. Betri ilikuwa ya volti 22.5, aina iliyotengenezwa kwa vifaa vya kusikia, ya bei kubwa na isiyopatikana kila duka, na iliishiwa baada ya kama saa 20. Transista zilifanya kazi yake. Besi ni hewa nyingi inayosukumwa polepole, na hewa haisukumwi na kitu kisicho na ukubwa wala nguvu. Wahandisi wa Dallas wangeweza kupunguza transista hadi ukubwa wa punje ya mtama, nao walifanya hivyo na zaidi: Jack Kilby alionyesha saketi unganishi ya kwanza hukohuko tarehe 12 Septemba 1958. Hewa ya kusukumwa ilibaki kiasi kilekile.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Muziki wa kubebeka ulikuwepo Afrika kabla ya Dallas kuusikia. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, alirekodiwa Bombay mwaka 1928, na sahani zake zilipigwa kwenye gramafoni za springi ambazo hazikujua umeme ni kitu gani. Ukizungusha mkono, unasikiliza. Mwaka 1949 Harry Franklin, ofisa wa Rhodesia ya Kaskazini, aliishawishi kampuni ya Ever Ready kutengeneza redio ya bei nafuu kwa wasikilizaji Waafrika. Ikawekwa ndani ya umbo la sufuria ya alumini, ikauzwa pauni tano, na betri yake, iliyouzwa pauni moja na shilingi tano, ilidumu karibu saa 300. Ni kweli tupu. Tena mifano hii inaikaza hoja yangu, kwa sababu kote kuwili tatizo lililotatuliwa kwanza ni lile la nguvu. Tatizo la sufuria ya Franklin ni kwamba ilitumia valvu, na valvu hula umeme hata kabla ya kutoa sauti, kwa kuwa lazima zipashwe moto. Betri ya kuzilisha ilikuwa robo ya bei ya redio nzima. Transista iliondoa gharama hiyo ya kupasha moto, na hiyo ndiyo zawadi yake kubwa kwa kijiji kisicho na nguzo ya umeme.

Waliovuna zawadi hiyo walikuwa Wajapani zaidi ya Wateksas. Sony walitoa redio yao ya transista mwaka 1955, na kufikia miaka ya sitini bei ilikuwa imeshuka kiasi kwamba mkulima aliyeuza pamba au kahawa aliweza kuinunua. Tanzania ikawa na Philips Arusha na Matsushita Dar es Salaam, iliyotoa betri za National. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, isingewezekana kwa redio zinazotegemea umeme wa waya. Hapo utaona betri ilivyotawala maisha ya chombo: mawe ya redio yakidhoofika yalitolewa, yakaanikwa juani juu ya bati, yakarudishwa asubuhi kwa ajili ya taarifa ya habari, na muziki ukaachwa hadi mawe mapya yapatikane. Kwa kawaida redio zilizopendwa hazikuwa zile ndogo. Zilikuwa zile za mbao au plastiki nene, zenye spika pana na nafasi ya mawe makubwa manne au sita, na baadaye redio kaseti. Msikilizaji wa kijijini alishajua fizikia ya besi bila kuisoma.

Texas yenyewe ilipita njia nyingine. Huko umbali ni mrefu na petroli ipo, hivyo chombo kikuu cha muziki wa kubebeka kikawa gari, lenye betri ya volti 12 inayojichaji na nafasi ya spika kubwa nyuma. Houston ilizalisha sanaa nzima kwa ajili hiyo: DJ Screw, aliyefariki mwaka 2000, alipunguza kasi ya nyimbo, akazirekodi kwenye kaseti, na watu wakazisikiliza wakiendesha taratibu.

Mwaka huohuo Kilby alipewa Nobeli, na Texas Instruments ikanunua Burr-Brown, mabingwa wa kugeuza namba kuwa sauti, pamoja na Toccata ya Denmark, iliyojua kukuza sauti kidijitali kwa upotevu mdogo wa umeme. Ukuzaji wa namna hiyo, pamoja na betri ya lithiamu-ioni iliyoingizwa sokoni na Sony mwaka 1991, ndio uliowezesha spika za bluetooth za leo. Wapo watakaosema basi mjadala umekwisha: simu ina nyimbo zote, spika ni ya kilo moja, na umeme umefika vijijini. Simu kweli imemaliza suala la kuhifadhi nyimbo. Haijagusa lile la hewa, ndiyo maana sabufa bado ni kubwa. Na lithiamu inazeeka haraka kwenye joto, kisha katika spika nyingi imefungiwa ndani kwa gundi. Kwa anayehamia pwani, spika yenye betri inayotoka kwa bisibisi ina thamani kuliko wati kumi za ziada, kwa kuwa fundi wa mtaani ataweza kuibadilisha. Na betri isizidi wati-saa 100, ili shirika la ndege lisiikatalie mlangoni.

Mizigo mingine ya Texas ina mitego yake. Umeme wa Marekani ni volti 120, wa Kenya na Tanzania ni 230 hadi 240. Chombo kisichoandikwa kwamba kinapokea volti zote mbili kitaungua siku ya kwanza. Kichezea sahani cha zamani chenye mota inayofuata mapigo ya umeme kitashuka kasi kwa moja ya sita, kwani Marekani ni mapigo 60 kwa sekunde na kwetu ni 50. Transfoma haitasaidia, na Siti binti Saad atasikika kama aliyepitia mikononi mwa DJ Screw. Redio za kidijitali za soko la Marekani nazo huruka kwa hatua za 0.2 kwenye FM, 88.1 kisha 88.3, kwa hiyo kituo kilicho kwenye 88.4 hazikipati sawasawa. Nyingine zina mpangilio wa kubadilisha eneo, na mahali pa kuukagua ni dukani Dallas, risiti ikiwa bado haijaandikwa.