X Ilikuja Mwisho

"Huyu hana kichwa cha hesabu." Wazazi wengi huku Eastlands wameambiwa hivyo, hasa aljebra ikianza. Mimi hufundisha tuisheni Jericho, na maneno hayo siyakubali. Historia yenyewe inayakataa.

Al-Khwarizmi, aliyeandika kule Baghdad karne ya 9 kitabu kilichoipa aljebra jina, hakutumia x hata moja. Alieleza kila kitu kwa maneno. Kile asichokijua alikiita "kitu" tu, na maswali yake yalikuwa ya maisha: mirathi, biashara, mashamba. Mfaransa François Viète alikuja kupanga hesabu hizo kwa herufi mwaka 1591. Yaani wakubwa wa hesabu walipewa zaidi ya miaka 700 kufika kwa herufi. Mtoi wetu anapewa kipindi kimoja.

Hapa Afrika Mashariki tuliwahi kujaribu njia nyingine. Mwaka 1962 wataalamu walikutana Entebbe, Uganda, wakaanza kuandika vitabu vya "hesabu mpya" kwa shule za Afrika. Nia ilikuwa safi: mtoto aelewe, asikariri. Lakini seti na alama zilitangulia, maisha yakafuata nyuma. Kenya iliifuta mwaka 1981.

Mwaka 1985 utafiti kutoka Recife, Brazil, ulionyesha kinachopotea hapo. Watoto watano waliokuwa wakiuza vitu mtaani walipata asilimia 98 ya hesabu za biashara yao. Walipopewa hesabu kama hizo kwenye karatasi, namba tupu, wakapata 37. Zikifungwa ndani ya hadithi, 74. Watano ni wachache, sawa, lakini akili ilikuwa ileile.

Mimi naliona hilo kila wiki. Nikiandika 3x + 20 = 200, darasa linanyamaza. Nikisema mmepanda mathree watatu, mkampa konda soo mbili, akarudisha mbao, kila mtu amelipa ngapi? "Sixty!" wanapiga kelele, hata yule wa nyuma.

Basi tunaandika walivyofikiri: nauli mara tatu, jumlisha mbao, ni soo mbili. Mkono ukichoka kuandika "nauli", tunabakisha n. Hakuna anayeshtuka. Hawa ni watoto wa Sheng. Kukata neno likawa fupi walianza kabla ya shule.