Fegi Mbili kwa Mangi

Asubuhi moja mwaka 2005, pale Mtoni, baba mdogo aliamka mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia haunyanyuki. Nilikuwa kidato cha pili. Watu wazima wakasema katupiwa kitu. Bibi peke yake ndiye aliyetaja sigara, akanyamazishwa.

Baadaye sana, nikiwa tayari naandika habari, nilikuja kujua kwamba kati ya 2003 na 2006 watafiti walikuwa wanahesabu wagonjwa wapya wa kiharusi Dar na wilayani Hai, kule Kilimanjaro. Matokeo yalitoka 2010 kwenye jarida la Lancet Neurology. Wakishasawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na wagonjwa kama 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Dar ilipita 300. Dar hii hii tunayoikimbilia kutafuta maisha! Walipochunguza sababu, kwa Dar zilionekana kisukari, VVU, mafuta kwenye damu na, ndiyo, sigara. Moshi huharibu kuta za mishipa na kuifanya damu igande upesi. Mshipa wa ubongo ukiziba, mkono haunyanyuki tena.

Tumezoea kuyaita haya "mtindo wa maisha", kana kwamba baba mdogo aliuchagua dukani kama shati. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walishaonyesha, kule Uingereza, uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu. Miaka 11 baadaye, mwaka wetu wa uhuru, kampuni ya sigara ikaanzishwa Dar. Kiwanda kiko Chang'ombe, hapo hapo Temeke, kwenye barabara ya Nyerere ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road. Kikataifishwa, kisha 1995 kikaenda kwa R.J. Reynolds wa Marekani, na 1999 kwa Wajapani. Kwa hiyo kuna miaka serikali ilitibu kifua kwa mkono mmoja na kuuza sigara kwa mwingine. Siilaumu sana, kulikuwa na ajira, kodi, na wakulima wa Tabora wa kulipwa.

Sheria ya kudhibiti tumbaku ilipitishwa 2003. Inakataza kumuuzia mtoto aliye chini ya miaka 18. Mimi nilikuwa na 15, na ndiye niliyekuwa natumwa kwa Mangi: fegi mbili na kiberiti. Hakuwahi kuniuliza umri.

Miezi ilipita, baba mdogo akaanza kuongea tena, kwa shida. Akanituma. Nikaenda.