Njia ya Uwakili Kutoka Nakuru

Ukipita asubuhi karibu na Mahakama Kuu ya Nakuru, utawaona mawakili wakiingia na majoho yao meusi mkononi, wala hutashangaa. Lakini ungalizaliwa katika bonde hili mwaka 1900, reli ilipofika Nakuru, ungalingoja nusu karne kabla ya kumwona wakili Mwafrika mmoja katika Kenya nzima.

Wamaasai waliuonja uchungu wa hali hiyo. Mwaka 1904 viongozi wao, Olonana akiwa mkuu wao, walipatana na Waingereza kuyaacha malisho ya Naivasha na Nakuru, ili walowezi wapate ardhi kando ya reli. Wao wakapewa Laikipia na nchi ya kusini, kwa ahadi kwamba mapatano hayo yatadumu maadamu kabila lao lingalipo. Yalidumu miaka 7. Mwaka 1911 yakafanywa mapatano mengine, na wale wa Laikipia wakaamriwa kuhamia kusini.

Ole Njogo na wenzake hawakushika mikuki, bali walishika sheria. Wakaajiri mawakili wa Kizungu, maana wakili Mwafrika hakuwapo wa kuwasemea, na kesi ikasikizwa mbali sana, Mombasa, mwaka 1913. Mahakama ikaamua kuwa Wamaasai si raia wa Mfalme, bali ni taifa geni lililo chini ya ulinzi wake. Kwa hiyo yale mapatano ni mkataba baina ya mataifa mawili, na mahakama za nchi hazina uwezo wa kuuchunguza. Rufani nayo ikatupwa mwaka uo huo. Tafakari, msomaji: mtu amehamishwa kama mifugo, kisha anaambiwa kuwa yeye ni taifa, na kwa sababu hiyo hasikizwi!

Aliyetaka kuisoma sheria ilimbidi avuke bahari. Argwings-Kodhek, aliyetoka Makerere, alipelekwa Uingereza asomee mambo mengine. Yeye akaisoma sheria. Alikubaliwa kuwa wakili mwaka 1951, akarudi kuwa wakili wa kwanza Mwafrika nchini Kenya, akawatetea walioshtakiwa kwa ajili ya Mau Mau. Ilikuwa kazi ya kumtosha mtu mmoja na zaidi.

Baadaye safari ilifupika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kwa kufundisha sheria, na Nairobi ikafuata mwaka 1970. Leo sheria hufundishwa papa hapa Nakuru, katika vyuo vikuu vya Egerton na Kabarak. Baada ya shahada ya miaka 4, mwanafunzi huenda Nairobi kwa mafunzo ya uwakili katika chuo cha sheria kilichoanzishwa mwaka 1963, hufanya mitihani, hukaa miezi 6 chini ya wakili mzoefu, ndipo huapishwa mbele ya Jaji Mkuu. Na katika masomo yake hukutana na kesi ya Ole Njogo, ambayo hata sasa wanafunzi wa sheria huisoma na kuijadili.